Matone Kumi ya Mwerebi

Katika friji ya jikoni, kwenye nyumba ya Abu Hamour, kulikuwa na chupa tatu za kioo ambazo sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kuziwekea kitu chochote mbele. Zilikuwa za Yaddah. Yaddah ndivyo watu wa Doha wanavyomwita bibi. Nilimwita hivyo kwa sababu wajukuu zake walimwita hivyo, na sikumsikia akiitika jina jingine. Ndani ya chupa mlikuwa na maji yasiyo na rangi, yenye harufu ya maua, yanayoletwa kutoka Uajemi. Wenyewe wanayaita bidmishk. Ni maua ya mti wa safsaf, yanachemshwa na mvuke wake unakusanywa. Kila siku baada ya swala ya alasiri Yaddah alikunywa kikombe kidogo, na kijiko cha sukari na vipande viwili vya barafu. Alisema yanapoza moyo. Kazi yangu ilikuwa kumwekea maji hayo, kumkanda magoti, kumshika mkono akienda msalani, na kukaa naye mpaka magharibi.

Niliingia nyumba ile mwaka 2007, nikiwa na miaka thelathini na minne. Nyumbani kwetu ni Mkokotoni, Unguja. Nilimwacha binti yangu Khadija, mwenye miaka tisa, kwa baba yake Makame na dada wa Makame. Shule sikwenda. Nilikwenda chuoni nikahitimu Kurani, kwa hiyo herufi za Kiarabu nazijua. Za Kizungu sikujua hata moja. Nimejifunza baadaye, ukubwani, na nilijifunza kwa sababu ya chupa.

Watu wakisikia mwanamke amerudishwa kutoka Uarabuni, wanajiuliza mambo mawili: ameiba au amebeba mimba. Mimi nilizushiwa la tatu.

Magoti ya Yaddah yalikuwa yamevimba kama maboga madogo. Hospitali walimpa vidonge, vikamchoma tumbo. Wakataka kumpasua, akakataa. Binti yake, ambaye sote tulimwita madamu, alikuwa mtu aliyesoma Ulaya na hakuwa na subira na dawa za kienyeji. Kila Yaddah alipoletewa mizizi au mafuta na wanawake wenzake wa zamani, madamu alivitupa kwenye pipa la takataka nje, ili asiweze hata kuviokota. Mimi nami nilikuwa na maumivu ya viganja, kwa kufua na kukanda. Tulikuwa tunakaa pale alasiri, yeye analalamikia magoti, mimi nalalamikia mikono, tunacheka.

"Tukiunganishwa," alisema siku moja, "tutatoa mtu mmoja mzima."

"Na vipande vingine tufanyeje, Yaddah?"

"Tumpe madamu, afanye kazi kidogo."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nataka lijulikane hilo, kwa sababu nitakayoyasema mbele si mazuri, na nilimpenda kabla sijamchukia.

Mwaka 2011, Ijumaa moja, nilikwenda mtaa wa Najma kumtembelea Nyanchama. Nyanchama ni Mkisii wa Kenya, alikuwa anasafisha vyumba hotelini, na mgongo wake ulikuwa umemsumbua mwaka mzima. Siku hiyo nilimkuta anainama na kuinuka kama msichana.

"Umepata wapi mgongo mpya?" nikamuuliza.

"Kuna mzee hapa nyuma ya fundi nguo, Mhindi. Anapeana tamutamu."

"Tamutamu gani?"

"Vidonge vidogo, Mama Khadija, ka punje za mtama. Vinaitwa homiopathi. Twende akuone hiyo mikono. Lakini ujue anauliza maswali ka mchumba."

Kweli aliuliza. Mzee yule alikuwa na chumba kimoja chenye droo ndogondogo ukutani mpaka kwenye dari, na Nyanchama akawa mkalimani. Hakunigusa mikono. Aliuliza kama napenda chumvi. Aliuliza nalala ubavu gani, kama naogopa radi, kama nalia nikiwa peke yangu au mbele za watu. Kisha akauliza naota nini.

Nilikuwa nimekaa Doha miaka minne. Mtu wa kwanza kuniuliza naota nini alikuwa yule. Nikasema naota nafua nguo ambazo haziishi.

"Hiyo si ndoto," Nyanchama akasema, "hiyo ni kazi," na akakataa kuitafsiri mpaka nilipomlazimisha.

Nilimweleza pia magoti ya Yaddah, kwa sababu ndiye aliyekuwa moyoni mwangu. Mzee akafungua kitabu kikubwa chenye picha za miti, akatuonyesha mmoja, matawi yake yameinama mpaka yanagusa mto.

"Huo ni mwerebi," Nyanchama akasema. "Uko kwenye Biblia."

Chini ya picha palikuwa na kipande cha karatasi, kimeandikwa Kiarabu kwa mkono, nadhani kwa ajili ya wateja Waarabu. Nikasoma herufi moja moja. Safsaf. Nilifurahi kama mtoto. Katika maduka yote ya Najma, hilo ndilo neno langu la kwanza kusoma bila kuambiwa, na lilikuwa neno ninalolijua. Nikasema kwa sauti kwamba huu ndio mti wa maji ya Yaddah.

Mzee akafurahi pia. Akaeleza kwamba miti hii ni jamii kubwa, ipo mifupi na ipo mirefu, na gome la mingi ni chungu, na watu wa zamani walilitafuna kwa homa na maumivu ya viungo. Akasema hata aspirini ya hospitali ilianzia huko. Nikamwambia hizo za hospitali ndizo zinazomchoma bibi tumbo. Akasema yake haiwezi kuchoma, kwa sababu wanachukua tone moja la dawa, wanalitia katika maji na kulitikisa, kisha tone moja la maji hayo katika maji mengine, na kulitikisa, hivyohivyo mara thelathini, mpaka mti wenyewe haumo tena, imebaki nguvu yake tu.

"Kwa hivyo tunameza jina la mti," Nyanchama akasema. Hilo nalo hakulitafsiri.

Nilirudi na vidonge vyeupe vya sukari, vyangu na vya Yaddah. Alivipenda. Alikuwa anavishika chini ya ulimi na kufumba macho. Baada ya mwezi akasema magoti yamepungua kidogo. Mimi mikono yangu sikuona tofauti, lakini sikusema. Sijui mpaka leo kama vidonge vilimsaidia au alisaidiwa na kule kukaa na mtu wakisubiri kupona pamoja.

Kisha akataka kilicho kikali zaidi. Akanituma tena. Mzee akanipa chupa kubwa ya kahawia, akasema hiyo ndiyo dawa mama, mti wenyewe umelowekwa, haujapunguzwa hata mara moja. Matone kumi katika nusu kikombe cha maji. Nyanchama siku hiyo alikuwa kazini. Nilikwenda peke yangu, na mimi na mzee tulielewana kwa Kiarabu cha dukani na vidole kumi.

Nilipofungua kizibo nilisikia harufu. Niliijua. Ni ile ya pamba wanayokupangusia mkono kituo cha afya kabla ya kukudunga sindano. Spiriti. Kwangu mimi ilikuwa harufu ya hospitali na ya usafi. Pombe sijawahi kuikaribia. Kwetu kulikuwa na mtu mmoja aliyesemwa kuwa mlevi, naye alikaa mbali, na watoto tulikatazwa kupita kwake. Pombe inanukaje, ningejuaje? Nilidhani inanuka ubaya.

Yaddah akanusa pia. Akasema, "Hii sasa ni dawa."

Akaamua tusitie katika maji matupu. Tutie katika bidmishk yake, kwa sababu mti ni uleule, maua na gome lake, acha vikutane. Akaamua pia chupa ikae chumbani kwangu, ndani ya kabati, chini ya kanga zangu, ili madamu asiitupe. Mimi nikaiweka. Na akasema hatakunywa peke yake kama mgonjwa. Nami ninywe, kwa ajili ya mikono.

Miezi mitatu tulikunywa hivyo kila alasiri. Mimi matone yangu kumi. Yeye alianza na kumi, akafika ishirini, kisha akasema macho yake hayaoni matone, nitie kijiko. Baada ya kunywa alikuwa anachangamka. Alinisimulia jinsi walivyokaa kabla ya utajiri, kisima kimoja watu wote, nyumba za makuti. Aliniambia yaya aliyemlea alikuwa mweusi, mtu wa Sawahili, na alimwimbia kwa lugha kama yangu. Akaniimbia kipande. Maneno yalikuwa yamelika, lakini nilimsikia mtoto akiambiwa alale, baba yake anakuja.

"Yaya wako alirudi kwao?" nikamuuliza.

"Alikufa humuhumu," akasema. "Tulimpenda sana."

Wakati ule sikulifikiria neno hilo. Sasa nalifikiria.

Twaha, dereva wa nyumba, mtu wa Handeni, siku moja alinikuta jikoni nikiwa na ile chupa mkononi. Akaichukua, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Yeye alikuwa amesoma. Akanirudishia, akasema, "Haya, dada Warda, kila mtu na dawa yake," akatoka. Nikaona ni utani wake wa kawaida.

Februari ya 2012, siku ya Alhamisi, walikuja wageni wa madamu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kunywa na Yaddah. Madamu akaniita nipeleke kahawa, nami nikaenda haraka, kikombe changu bado mkononi. Nikainama mbele yake kumuuliza wageni ni wangapi. Akarudi nyuma hatua moja. Akachukua kile kikombe, akakinusa.

Yeye alisoma Ulaya. Harufu ile aliijua mara moja, na hakuna aliyemuuliza ameijulia wapi. Mimi niliyeijua kwa sindano ndiye niliyeitwa mlevi.

Wageni walipoondoka walipekua chumba changu. Chupa ilikuwa chini ya kanga, mahali ambapo mtu angeficha kitu anachokionea haya. Mume wa madamu akasoma karatasi yake kwa Kizungu, kisha akatufasiria sote: alkoholi, sitini na tano kwa mia. Akaisoma mara mbili. Mimi nilikuwa nasikia neno hilo likitajwa pamoja na kitu cha kabati langu.

Nikasema, "Ni dawa ya magoti ya Yaddah. Ni safsaf. Muulizeni mwenyewe."

Wakaniingiza chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Mume wa madamu akamwonyesha chupa kwa heshima, akamwambia kilichomo, akamuuliza, "Mama, unaijua hii?"

Nilimwona anaelewa. Niliona vidole vimesimama kwenye punje moja. Alikuwa mwanamke aliyehiji mara tatu. Majirani walimletea watoto wenye homa awasomee. Mwezi uliofuata walikuwa wanampeleka umra. Na sote tuliofundishwa dini tunalijua lile la siku arobaini, kwamba anayekunywa swala zake hazipokelewi siku arobaini. Yeye alikuwa amekunywa miezi mitatu, kwa kijiko.

"Yaddah," nikasema, "sema."

Akasema, "Mimi chupa za Kizungu sizijui. Mimi nakunywa bidmishk." Kisha akageuza uso akatazama dirisha, na pazia lilikuwa limefungwa.

Neno moja lingetosha. Yeye wasingemfanya chochote, ni mama yao. Wangecheka baada ya wiki, wangemlaumu Mhindi. Mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kupoteza, na yeye alilijua hilo, kwa sababu alasiri zote zile nilimsimulia habari za Khadija.

Hawakuita polisi. Walisema hawaiti kwa heshima ya Yaddah, na nikatakiwa nishukuru. Nilipelekwa ofisi ya wakala, na baada ya siku mbili uwanja wa ndege. Twaha ndiye aliyeendesha. Tulipokuwa tunashuka akaniambia tu, "Vumilia, dada."

Habari ilifika Mkokotoni kabla yangu. Wakala wa Dar alimpigia Makame simu, na Makame hakusubiri nifike aniulize. Talaka niliikuta imeandikwa. Sikushangaa sana. Alikuwa ameshaoa, nikaja kujua, na mimi nilimpa sababu aliyokuwa akiitafuta. Nikaenda kwa sheikh nikamweleza kila kitu. Akaniambia asiyejua hana dhambi, dawa ni dawa, niendelee kuswali. Nikaendelea. Lakini siku arobaini nilizihesabu vilevile, kwa sababu moyo haukukubali.

Khadija alikuwa na miaka kumi na minne. Watoto wenzake walikuwa wamempa jina, Mtoto wa Chupa. Nilikwenda kumwona kwa shangazi yake. Alinipa maji, kwa adabu, kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Nikanywa. Nilipokwenda uani kuaga, nikamwona amechuchumaa kwenye karo la kuoshea vyombo. Anaosha kikombe changu. Akakiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakiosha tena, mpaka mara tatu, kama mtu anayetoa najisi. Hakujua kwamba namwona.

Tangu siku hiyo nilikuwa natafuta jambo moja tu duniani, na si kazi wala mume. Nilitaka aliyeijua kweli aiseme, ili nimpelekee mwanangu.

Nilimweleza Khadija mwenyewe mara nyingi. Mti, bibi, magoti, Mhindi. Alinisikiliza na kusema, "Sawa mama." Shangazi yake alisema kwamba walevi wote huwa na hadithi ya dawa.

Mwaka 2015 nikarudi Doha, kwa wakala mwingine, kwa familia moja ya mtaa wa Al Thumama, ndege zinapita juu ya paa mchana kutwa. Watu wema, sina neno nao. Herufi za Kizungu nilijifunza hapo, kwa vitabu vya mtoto wao wa kwanza, tukikaa wote wawili mezani. Sasa kila kitu kinachoingia mdomoni mwangu nakisoma kwanza, hata chumvi. Khadija aliolewa mwaka 2017. Nililetewa picha.

Machi mwaka 2018 Twaha akanipigia. Namba yangu aliipata kwa Nyanchama.

"Dada Warda, bibi yuko mwishoni. Anaomba radhi kwa watu. Ameita mpaka mpishi wa zamani wa Kihindi. Sasa anakutaja wewe tu."

"Ananitaja anasema nini?"

"Anasema wewe ndiye umebaki."

Ni desturi yao na ni desturi yetu. Mtu akihisi safari imefika, anawaomba aliowakosea wamhalalishie, asende na mzigo. Ukikataa, unambebesha. Nilijua ninaitwa kufanya nini. Nilijua pia kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Twaha alikuja kunichukua Ijumaa baada ya swala. Tulipopita kwenye mzunguko wa barabara akasema, bila kunitazama, "Unajua, ile chupa mimi niliisoma."

"Lini?"

"Siku ile jikoni."

Nilingoja aseme ametania.

"Kwa nini hukuniambia, Twaha?"

"Nilidhani unajua. Nikasema dada wa watu, maisha magumu, ana njia yake. Nikakusitiri. Sikumwambia mtu hata mmoja, dada, wallahi."

Alitaka nimshukuru. Miaka sita nilikuwa naamini kwamba angalau Twaha, aliyesema vumilia, alijua mimi si mlevi. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananivumilia. Nikatazama nje mpaka tukafika.

Madamu alinipokea mlangoni. Amezeeka usoni. Alinisalimia vizuri, akanishika mkono, akaniambia mama yake amedhoofika na nisimchoshe. Yaddah alikuwa amebaki kidogo sana, kama nguo zilizolazwa kitandani. Magoti tu ndiyo yalikuwa makubwa bado. Alinitambua. Akamwambia binti yake alete bidmishk na barafu, na madamu alipotoka akanishika mkono.

"Warda. Nihalalishie."

"Kwa lipi, Yaddah?"

"Unalijua."

"Nalijua. Madamu halijui. Sema mbele yake, nami nitakuhalalishia. Hapa tukiwa wawili, sisemi."

Akafumba macho. Nilidhani amekasirika, au amelala. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni, yanaingia sikioni, na mimi sikumfuta. Zamani ningemfuta.

Twaha alikuwa ameniambia garini niwashe simu inase sauti. Simu ilikuwa mkobani. Niliona aibu kumnasa mtu anayekufa kama mwizi, nikaiacha. Hata ningemnasa, ni Kiarabu, Khadija hakijui.

Madamu akarudi na kikombe. Yaddah akafumbua macho akasema, polepole lakini kwa kueleweka:

"Binti yangu, chupa ile ilikuwa yangu. Mimi nilimtuma. Mimi nikamwambia aifiche kwake. Yeye alikunywa matone, mimi nilikunywa kijiko. Hakujua, na mimi sikujua. Mlipouliza nilijua, nikaogopa."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka sita, na lilikuja lote, halikupungua kitu. Nikamgeukia madamu.

Madamu alikuwa anakoroga sukari. Akaweka kikombe chini, akamlainisha mama yake nywele.

"Sawa, mama. Umechoka. Usijihangaishe."

"Nasema kweli."

"Ndiyo, mama." Ilikuwa sauti ya kumjibu mtoto. Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Usimchukulie maneno. Siku hizi kila kitu anasema ni kosa lake. Jana alisema yeye ndiye aliyeuza nyumba ya baba yake. Baba yake hakuwa na nyumba."

"Hili si la jana," nikasema. "Hili ni la kweli."

"Ni mgonjwa, Warda."

Pale kwenye kiti palikuwa na shuka iliyokunjwa. Akaichukua, akaikunjua, akaikunja tena vilevile. Hakunitazama. Sijui kama hakuamini au hakutaka kuamini kwamba mama yake, mwenye hija tatu, na yeye mwenyewe, walimfukuza mtu bure. Sitalijua.

"Nina akili zangu," Yaddah akasema, akitazama dari.

Madamu akamtazama kama mtu anayeweweseka. Ilikuwa hali ninayoijua vizuri sana, kusema kweli ndani ya chumba kile na kuangaliwa hivyo. Sasa tulikuwa wawili. Akanitazama, na mimi nikaona kwamba ametimiza lake, na ahadi ni yangu.

"Nimekuhalalishia, Yaddah," nikasema. Mdomo ulisema. Moyo sikuuuliza.

Nikamshika kichwa, nikamnywesha bidmishk vijiko vitatu. Cha nne kilimwagika shingoni, nikampangusa kwa ncha ya mtandio wangu. Mlangoni madamu aliniambia Mungu atanilipa kwa kuja. Yaddah alifariki Jumanne.

Usiku wa Jumatano nilimrekodia Khadija ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja. Nilimsimulia yote tangu mwanzo, na mwisho nikamwambia: bibi amesema mwenyewe, mbele ya binti yake, mimi nimesimama pale. Akaniuliza kwa maandishi, nami nikasoma mwenyewe, "Na binti yake amesemaje?"

Ningeweza kusema uongo. Hakuna ambaye angejua. Nikaandika kwa kidole kimoja kwamba binti yake hakuamini.

Kisha likaja jibu.

"Sawa mama."

Hapa Al Thumama nina kikombe changu, cha udongo, chenye mstari wa buluu. Nikimaliza kunywa chai nakiosha hapohapo, mara tatu, nakirudisha mwenyewe kabatini, na sijawahi kumwachia mtu mwingine akioshe.